Wawili katika Mia

Daktari Nkwabi alisema, "Hatari ni ndogo,"
kalamu yake imeshaielekea fomu.
Nikamwuliza: ndogo kwa nani?
Akatazama saa. Nje foleni ilikuwa imefika bombani.

Rovu langu lina miaka kumi na mmoja.
Lilianza kama punje ya kunde;
sasa kanga haifungiki shingoni.
Nikilala chali linanikaba,
basi nalalia mito miwili na furushi la nguo,
na mume wangu huamka kusikiliza kama bado napumua,
kisha hujifanya alikuwa anakwenda msalani.
Hiyo nayo ni hatari. Siikatai.
Kunguni wa kitanda hiki nawajua mimi.

Lakini mimi, Kalunde binti Mgalula,
ndiye sauti ya stesheni ya Tabora.
Hapa treni hukatwa usiku:
mabehewa haya Mwanza, yale Kigoma,
na ya Mpanda yatakatiwa mbele, Kaliua.
Asiyenisikia husinzia na kuku wake mapajani
akaamkia Isaka,
na harusi iko Uvinza.

"Katika mia, wawili hupoteza sauti.
Mshipa wenyewe mwembamba kama uzi,
umepita nyuma ya rovu."
Kaka yangu Sizya akaninong'oneza:
"Tisini na wanane, dada! Tia sahihi."
Wifi akasema, "Na hao wawili wana mama zao."

Kwa daktari, mia ni hesabu.
Kwangu mia ni behewa moja la daraja la tatu
pamoja na waliosimama mlangoni.
Nawaona: yule wa ndoo ya asali,
askari wa likizo, mama wa mapacha,
kijana aliyebeba kioo cha kabati kama mtoto mchanga.
Wawili watashuka, watafungua kinywa,
na hakitatoka kitu.
Sijui nimekaa kiti namba ngapi.
Naye hajui.
Hilo ndilo nililotaka aliseme.

"Rudia," nikamwambia.
"Tangazo halisomwi mara moja.
Mimi husema mara tatu, polepole,
kisha nanyamaza
nione nani bado amesimama na mzigo kichwani."

Akaweka kalamu chini.
Akageuza fomu, kwa nyuma ilikuwa nyeupe,
akachora shingo, vibaya, kama kibuyu.
Akasema: tunaweza kutoa upande mmoja tu,
huu unaokaba. Sauti itakuwa salama zaidi.
Ila ule wa pili huenda ukakua,
turudi hapa hapa, kovu juu ya kovu.

"Jana hukulisema hilo."
"Hukuuliza."
"Sikujua kama huulizwa."

Tukanyamaza. Ilikuwa aibu, sijui ya nani.

"Na hao mia ni wa wapi?"
"Wa vitabuni. Wa ng'ambo, wengi wao."
"Na wa hapa?"
Akahesabu moyoni, midomo ikicheza.
"Nimepasua thelathini na wanne.
Mmoja huongea kwa kunong'ona. Yuko Ipuli.
Nitamwuliza kama atakubali umtembelee."

Amekubali. Jumamosi nakwenda kumsikiliza.

Sijatia sahihi, wala sijakataa.
Fomu iko mkobani, kibuyu kwa nje.
Sizya ananiita mbishi.
Mume wangu haniiti chochote;
ameongeza mto wa tatu.

Saa saba usiku treni imeingia, taa zake zina vumbi la Manyoni.
Nashika kipaza sauti. Nasema mara tatu.
Sauti inakwaruza kidogo, lakini inafika
hadi kwenye behewa la mwisho, gizani.

Mzee mmoja anarudi hadi dirishani kwangu,
tiketi mkononi, ameona haya:
"Samahani mama, umesema ya Kigoma ni yapi?"

Naweka chini chai yangu.
Namwambia tena, tangu mwanzo.