Mgongo kwa Mpira

Uwanja wa Sohari, lango la nne.
Nimeupa mchezo mgongo tangu magharibi;
kazi yangu ni nyuso.
Msimamizi alisema: mpira usiutazame,
tazama magoti. Kabla mtu hajaruka
goti limeshatangulia.

Basi bao la kwanza nililiona
kwenye jino la dhahabu la mzee wa safu ya tatu.
Liling'aa, kisha kanzu zikasimama, likapotea,
na msukumo ukashuka ngazi kwa ngazi
hadi kwenye uzio, hadi kifuani mwangu.

Ufunguo sikuutia mfukoni.
Niliushika mpaka ukalowa.
Kwetu Msambweni niliwahi kuokota viatu
mbele ya lango lililotiwa kufuli,
mwenye ufunguo kaenda kunywa chai.
Ndara mojamoja. Sikupata jozi.

Kijana akapandisha mguu juu ya chuma,
bendera shingoni, macho kwa mfungaji.
Kiarabu changu kikanikimbia.
"Shuka, mwanangu, utaumia."

Akaganda.
"Nani kakufunza maneno ya bibi yangu?"
Mguu ukarudi upande wake.

Nyuma yangu filimbi ililia.
Nikafungua. Wakatoka polepole,
watoto wametangulizwa,
wakinikanyaga, wakiniomba radhi,
na yule kijana akanipungia bendera bila kugeuka.

Ndani ya basi la walinzi, saa sita usiku,
nikamuuliza Byaruhanga: imekuwa ngapi?
Yeye alikuwa lango la saba.
"Mbili kwa moja, nadhani.
Nimehesabu kelele."