Saa Mbili ya Nani

Ofisi yangu inatazamana na mahakama, hapa Ibra:
chumba kimoja, kompyuta mbili, kiyoyozi kinachokohoa.
Napiga chapa mikataba ya kondoo,
vibali vya kuchimba visima,
na rufaa.
Siku thelathini. Vidole vyangu vinaliandika gizani
neno hilo. Siku thelathini tangu hukumu isomwe,
si tangu uielewe.

Alhamisi, siku ya thelathini yenyewe,
akaingia msichana, bahasha ya kaki kifuani,
hana haraka, njiani kanunua hata maji.
"Nimewahi," akasema. "Wameandika mwisho saa mbili,
na sasa ndiyo kwanza saa kumi."

Nikachungulia dirishani.
Mlinzi alikwisha funga geti, anaosha birika lake.
Daftari la rufaa hufungwa saa nane,
saa nane yetu,
ambayo wao huiandika mbili.

Sikuweza kumwambia. Nikamuuliza jina.
"Sikujua."
Nikasema, mdogo wangu, sijafika kwenye sababu, nataka jina.
"Ndilo hilo. Sikujua Maganga, wa Nzega.
Aliyefungwa ni Nyamizi, dada yangu, tumbo moja."

Miezi sita, kisha kurudishwa kwao,
kwa bangili.
Na ndani ya bahasha, kwa mkono wa mwenye nyumba,
barua, wino umevuja kidogo kwa jasho:
bangili imeonekana, Jumanne,
fundi alipofungua mashine ya kufulia.
Mistari mitatu na sahihi.
Kweli imekuja kwa miguu yake mwenyewe
ikachelewa kwa saa mbili.

Kwetu, bibi aliyezaliwa Tabora
ana saa ya ukutani asiyeruhusu mtu kuigusa.
Jua likichomoza ni kumi na mbili, halafu moja,
kama siku ilivyo, anasema, siku si huanza kukicha?
Wajukuu wanamcheka.
Mimi nimekulia katikati,
sebuleni Kiarabu, jikoni Kiswahili,
na baina ya milango hiyo miwili masaa sita
niliyoyavuka kila siku bila kujikwaa
hata nikasahau kwamba ni shimo.

Na wazee wa hapahapa, kabla ya redio,
nao walihesabu kuanzia jua linapozama.
Babu yake hakimu angemwelewa msichana huyu.
Lakini babu yake hakimu hakai kwenye kile kiti.

Fomu ya kuomba kuongezewa muda
ina nafasi ya sababu: mistari miwili.
Nikaandika, nikafuta.
*Mwombaji alifika mapema kwa saa yake.*
Nikafuta.
Niliwahi kuona ombi la mtu aliyelazwa hospitali,
na vyeti vyote, likarudi na muhuri mwekundu.
Lingine likapita, sijui kwa nini, labda karani alilala vizuri.
Mwishowe nikaeleza saa yetu, yote,
kwa Kiarabu changu chote cha shule,
nikabana maandishi hadi pembeni mwa karatasi,
nikaambatisha barua ya bangili juu, sio chini.

"Ni shilingi ngapi?" Alisema shilingi, akajisahihisha.
Nikasema tutahesabu Jumapili.
Ijumaa imefungwa, Jumamosi imefungwa,
Jumapili uje dirisha likifunguliwa.
Akauliza, saa ngapi?

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Nikapanda kiti, nikaishusha saa ya ofisi,
nikamwekea mapajani, nikazungusha:
mshale mfupi hapa, kwenye saba.
Uangalie huo tu.
Usimsikilize mtu.