Kidole Kimoja Kabla ya Chuma

Sauti ile niliisikia mara moja, inatosha.
Nilikuwa nyuma, nimepiga magoti kando ya machela,
mkono wangu kwenye mkanda wa mzee Ketill
aliyevunjika nyonga akimtafuta farasi gizani.
Ukingo wa theluji ukameguka,
gari likatumbukia mtoni kwa pua,
ekseli ikapanda, ikapanda,
ikaifikia chesisi: ngo!
Chuma kwa chuma.
Kisha mzee akalia,
na kilio chake kilikuwa na mlio uleule.

Sturlaugur, dereva wetu, alizilaumu springi.
"Tutie ndefu zaidi. Tulinyanyue gari."
Hallbera hakumjibu. Alijilaza sakafuni, akapotea chini ya gari,
akatoka na kigutu cha mpira kiganjani,
kikavu, kimepasukapasuka kama kisigino.
"Hapa palikuwa na mtu wa kusema basi," akasema.
"Alikufa zamani. Hakuna aliyemzika."

Ilikuwa Januari. Kwetu Aislandi, Januari,
jua huchungulia saa tano asubuhi
na kufika saa kumi limeshachoka nasi.
Hallbera alileta stopa za aina tatu,
akazilaza nje kwenye theluji usiku kucha
kama mama anayepima wachumba wa bintiye.
Kulipokucha akazigonga kwa nyundo, moja moja.
Ya povu la njano, iliyosifiwa sana dukani,
ililia kama jiwe.
Silinda ya gesi ilikuwa imetokwa jasho la oili shingoni.
"Na nitrojeni ikiisha kule juu," akauliza,
"nipulize kwa mdomo?"
Ikabaki ya mpira mweusi, ya bei ya chini, mbaya ya sura:
nyundo ikazama kidogo, ikasita,
ikarudishwa kwa adabu.
Hiyo akaitia mfukoni.

Tukazitoa springi.
Jeki ikaipandisha ekseli taratibu,
tairi likajipenyeza chini ya madigadi,
shokomzoba ikajikunja, ikajikunja,
hadi ikabakiza kidole kimoja ifike sakafu yake.
"Hapohapo!" Hallbera akapaza sauti,
akapima pengo kati ya ekseli na chesisi. Sentimita nane.
"Mpira ukibanwa kwa hasira hubaki nusu.
Basi wetu uwe wa kumi na sita."
Sturlaugur akanuna. "Unaninyima mwendo wa springi."
"Nakunyima sentimita chache.
Ketill umemnyima farasi wake hadi kiangazi."
Gereji ikawa kimya. Birika la kahawa tu lilikuwa likisema.

Kutu tukaikwangua hadi chuma kikang'aa.
Akachomelea vikalio viwili, kulia na kushoto,
akaviacha vipoe vyenyewe, asivimwagie maji.
Tukafunga stopa, uso ukitazamana na uso,
kwa sababu mpira unaogongwa ubavu huchanika.
Kisha tukainua gurudumu moja peke yake, halafu la pili,
maana mlimani gari halianguki kwa usawa.
Mimi kazi yangu ilikuwa ndogo:
kuvisha fimbo ya shokomzoba kikanda cha plastiki,
kisukumwe juu kila inapobanwa,
kibaki palepale pa mwisho, kama shahidi.

Februari, mto uleule, ukingo mwingine.
Kwenye machela, mwanamke wa shamba la mbali, Ásdís,
tumbo limemkaza tangu alfajiri.
Theluji ikameguka.
Nilimkumbatia, nikafumba macho, nikaingoja ile ngo.
Kikaja kishindo kizito cha chini chini,
kama mtu mnene anayejitupa kwenye kochi kuukuu,
na gari likasimama tena kwa miguu yake.
"Tumefika?" Ásdís akauliza.
"Bado."
Akageuza uso, akasinzia.

Usiku, gerejini, nilichukua tochi nikaingia uvunguni.
Kikanda kilikuwa kimesukumwa juu, juu sana.
Kati yake na mwisho wa fimbo nikapenyeza kidole changu.
Kilipita. Kwa kubana, lakini kilipita.
Nilipotoka Hallbera alikuwa ananawa mikono kwa mchanga na sabuni.
Hakuniuliza.
Sturlaugur ndiye aliyelala chini baada yangu,
na akakaa huko muda mrefu.