Kuhesabiwa

Ikiingia wiki ya pili ya Desemba
ofisini hapa Dar wanaanza kuulizana:
unapanda lini? Basi gani? Hela ya mbuzi umeshatuma?
Nami, kwa kuwa naitwa Mushi,
hawaniachi. "Wewe je, huendi kuhesabiwa?"

Naenda, nasema.
Sisemi kwamba Mushi alikuwa mgambo
wa soko la Kiborloni, zamu ya alfajiri,
aliyeinua turubai la mitumba akanikuta nimelala,
na karani wa ustawi wa jamii, kalamu mkononi,
alihitaji kitu cha kujaza kwenye mstari wa tatu.

Kuhesabiwa nakujua kuliko wao.
Kule Pasua, nyumba ya bati la kijani,
tulihesabiwa kila usiku saa mbili:
Mama Haikaeli na kandambili zake,
moja imeshonwa kwa waya,
akipita katikati ya vitanda, kiganja juu ya kichwa,
kichwa kimoja kimoja,
kama anayebonyeza parachichi.
Ishirini na saba. Kisha, "Haya."
Hiyo "haya" ndiyo iliyokuwa komeo letu.

Nguo zetu zilikuwa na namba, uzi mwekundu, shingoni.
Yangu kumi na tisa.
Wageni walikuja na biskuti na kamera
wakatuuliza tukikua tungependa kuwa nani.
Rubani, tulisema. Daktari.
Tulishayajua majibu yanayoleta magodoro.
Aminieli peke yake alisema: mjomba.
Wakacheka. Wakaandika.

Mwaka ambao vuli ilichelewa
mjomba kweli akatokea, kutoka Tarakea,
na barua ya mwenyekiti wa kitongoji
na viatu ambavyo, kwa mwendo wake, vilikuwa vya kuazima.
Aminieli alivua sweta namba ishirini,
akalikunja, akaliacha mtoni,
akatoka na shati tu kwenye baridi ile.
Hakugeuka. Hata mimi nisingegeuka.

Usiku Mama akahesabu ishirini na sita.
Akarudi mlangoni, akahesabu tena.
Akarudi tena.
Alijua. Shati lile alilipiga pasi yeye.
"Haya" hatukuisikia,
na asubuhi mashuka matano yalianikwa uani
wala hakufoka.

Desemba magari ya Dar yalipanda milimani
masanduku juu, watoto wanene madirishani.
Tulikaa ukutani
tukiyahesabu sisi.

Mwaka huu nimefika na mkungu wa ndizi
na katoni ya sabuni, nimechafuka vumbi.
Bati limepakwa rangi nyingine.
Mama Haikaeli yupo, mfupi kuliko nilivyomwacha;
ana mtoto wa jicho.
Huyo hamhesabu.

Saa mbili nimejipanga mwisho, kitanda cha dirishani,
nimekunja magoti nilingane na wenzangu.
Kiganja kikaja. Kikasita
kwenye nywele nilizosuka Sinza.
"Ishirini na mbili," akasema,
na watoto, wanaojua kwamba wako ishirini na mmoja,
wakafunika midomo kwa blanketi.

Akasimama.
Akarudi mlangoni, kandambili zikiburuza,
akaanza upya, polepole,
na mimi
sikutoka kwenye mstari.