Kwa Mimi wa Julai

Wewe uliyegandishwa Julai,
mfuko wa rojo jekundu ndani ya pipa la moshi baridi,
nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri,
jina langu ubavuni, tarehe yangu ya kuzaliwa,
hujui kwamba sasa ni Oktoba.
Hujui Bern inawasha taa mapema.
Hujui nimefanana na nani.

Siku ile mashine ilizunguka saa tano,
ikanichekecha kama unga:
damu yatoka mkono huu, yarudi mkono ule,
na wewe ukibaki juu ya chekeche.
Sindano za wiki nzima zilikuwa zimekufukuza mifupani,
nyonga zikiniuma kama jino.
Huko chini, nisikokuona, watu walielea kwenye mto Aare
na nguo zao mifukoni, wakicheka, wakichukuliwa.
Nikakwambia: basi nenda na maji,
tutakutana kwenye vyuma vyekundu, pale wanapotokea.

Kaka yangu Gödi alipimwa. Hatukulingana.
Tumegawana pua ya mama na deni la baba;
uboho, hapana.
Daktari akasema ugonjwa umelala,
seli zangu ni safi, kadiri tunavyoweza kuona.
Kadiri tunavyoweza kuona.

Miaka ishirini na sita nimesoma mita za maji
katika vyumba vya chini vya watu, kwa tochi,
nikiandika tarakimu bila kuuliza
nani aliyeoga, nani aliyelia bafuni.
Mita ikisimama, nyumba imehamwa,
au kuna mtu ndani, amefunga bomba, ameketi gizani.
Nilijifunza kugonga mara mbili.

Kikulacho ki nguoni mwako,
nami nimevua nguo, nimevua nywele,
nimevua ukucha wa kidole gumba,
nimefika mfupani.
Yumo?

Siku ya sifuri, ndivyo wanavyoiita,
muuguzi Shpresa alikutia kwenye maji ya vuguvugu
kama anayemwogesha kichanga cha jirani.
"Upesi," akasema, "zikiyeyuka hazisubiri."
Ukaingia kifuani kwa mrija.
Baridi kooni. Kisha chumba kizima
kikanuka mahindi ya kopo na kitunguu saumu.
Ni dawa ya kuhifadhia, akasema,
utanuka hivyo hadi kesho kutwa.
Nikacheka na barafu mdomoni.
Kumbe ndivyo anavyonuka mtu aliyerudi.

Aliyepewa na ndugu humwandikia ndugu yake barua.
Mimi nimwandikie nani?
Mtoaji ni mimi, mpokeaji ni mimi,
na ahsante yangu inazunguka mwilini
haijui pa kutua.
Ila nikuulize, kwa adabu, kama mgeni na mgeni:
ulikuja peke yako?

Siku ya tatu, sifuri.
Ya saba, sifuri; mate yanapita kooni kama changarawe.
Gödi amesimama nje ya kioo, ameshika kofia,
hajui mikono yake aiweke wapi.
Ameandika kwenye kibao: PAKA WAKO AMENENEPA.
Ya kumi na moja, sifuri.
Usiku nasikia pampu, nadhani ni wewe.
Si wewe.

Siku ya kumi na tatu Shpresa anaingia na karatasi.
Hasemi. Ananipa nisome mwenyewe,
anajua kazi yangu.
Naitafuta tarakimu ya mwisho, ile ndogo,
ile ambayo wenye nyumba hawaiangalii kamwe.

Sifuri nukta moja.

Mtu yumo ndani.
Mtu amefungua bomba, kidogo, kwa uangalifu,
kama anayerudi usiku asiwaamshe waliolala.
Sijui kama ni wewe mtupu.
Sijui umefuatana na nani.
Nimegonga mara mbili.
Nasikiliza maji.