Fomu ya Mwaka wa Sitini na Nne

Wamenileta kwa wakili kama upelekavyo saa ya ukutani kwa fundi:
bado inakwenda, lakini nani ajuaye.
Hancock, mwezi wa Machi, theluji imepanda hadi kwenye vioo,
na wanangu watatu wamevua buti mlangoni
wakazipanga kwa ukubwa, kama zamani.

Bibi Kestila ana sauti ya mtu anayepima dawa.
"Ulizeni," asema. "Hapa hakuna swali la kijinga."

Veikko, wa kwanza, amekuja na daftari.
Wosia wa baba, alioandika kwa mkono bila shahidi, una nguvu?
Kibanda cha ziwani kikigawanywa mara tatu,
nani atalipa kodi ya ardhi, nani atapaka rangi?
(Yeye brashi hajaishika tangu arusi yake ya kwanza.)
Na mtoto wa mke wake wa pili, je, naye ni mjukuu
mbele ya sheria, au ni mjukuu wa Krismasi tu?

Helmi: Amana ni nini hasa? Ni kufa nusu?
Nilicheka. Wakili hakucheka.
Amana ni kapu, alisema: unatia mali ungali hai,
unalibeba mwenyewe, na siku mkono ukilegea
yupo aliyekwisha kutajwa wa kulipokea,
bila kumngoja hakimu.
Kapu nalielewa. Nimebeba viazi maisha yangu yote.

Wakauliza nani atanisemea mdomo ukigoma.
Wakauliza mashine za hospitali zizimwe lini,
kwa sauti ya chini, kana kwamba mashine zinasikia.
Oskari hakuuliza kitu. Alikuwa akitazama mikono yake,
iliyopasuka kwa kuondoa theluji juu ya paa langu.
Nikasema: nyumba ni ya Oskari.
Kalamu ya Veikko ilitoboa karatasi.

Ndipo Bibi Kestila akatoa fomu iliyokunjwa mara nne,
bima ya maisha niliyokata nilipokuwa nikiunganisha simu za watu.
Mwandiko wangu wa msichana, umeinama mbele kama unakimbia.
Mnufaika: Arvid Salmela.

"Fomu hii haiombi ruhusa kwa wosia," alisema.
"Andika utakalo leo, pesa hizi zitalifuata jina hili."

"Ni nani huyo?"
Kwa mara ya kwanza siku ile, watatu kwa sauti moja.

Alikuwa akipanda nguzo kufunga nyaya.
Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja; fomu ilitaka jina,
nami mdomoni nilikuwa na moja tu.
Baadaye nikaolewa na baba yenu, na sikujuta,
andika hilo, Veikko. Lakini fomu
hakuna aliyenirudishia.

"Yu hai?" aliuliza wakili.
Yu hai. Yuko Calumet, kitanda cha dirishani,
ananiita kwa jina la dada yake.
Zile Alhamisi mlizodhani nakwenda kupimwa macho,
macho yangu ni mazima.

Ni dola elfu tano. Hazitoshi hata paa la kibanda.
Veikko alinisogezea kalamu. "Tubadilishe, mama?"

Nilitia sahihi kapu. Nilitia sahihi wosia,
na ile ya kunisemea, nikampa Helmi, maana anaogopa,
na mwoga huuliza mara mbili.
Fomu ya zamani niliikunja kwa mikunjo yake ileile.
Swali hili, nikasema, nilikwisha kulijibu.

Mlangoni Oskari alipiga goti kunifunga buti.
Alihangaika na kamba ya kushoto muda mrefu kuliko ilivyohitaji,
kisha akauliza lake, bila kuinua kichwa:

"Alhamisi barabara itakuwa barafu tupu.
Nikupeleke?"