Geji

Vijiti vitatu vilikuwa bado vimesimama kwenye dashibodi
injini ilipozima. Wala sikuisikia.
Gari la mseto halikohoi likifa,
huiachia betri kazi kimyakimya
kama kibarua anayetoroka kabla ya saa,
na betri ikanivuta kilomita mbili kasoro
barabara ya Nalaikh, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
abiria wangu akiuliza mbona tunakwenda kama msiba.

Debe tupu, husemwa, haliachi kuvuma.
Langu lilinyamaza.

Basi nikaanza kuandika,
nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu Khulan,
lita nilizotia, kilomita nilizokwenda, vijiti nilivyoviona.
Asubuhi nyumbani: viwili.
Saa moja baadaye, mjini, sijatia hata tone: vitano.
Jioni nikirudi mlimani: kimoja.
Shemeji akasema oshesha tangi.
Jirani akasema muuzie mtu wa mbali.

Gombodorj fundi hakusema kitu.
Aliinua kiti cha nyuma, akanusa, akakirudisha.
Akalisoma daftari ukurasa kwa ukurasa,
hata hesabu za sehemu za Khulan alizisoma.
"Ndani ya tangi mna kibofu cha mpira," akasema,
"baridi hukikaza, kikakataa kushiba.
Hilo ni kosa la Januari.
Lakini vijiti vitatu vya bure, hapana.
Betri ndogo uliitoa lini?"

Novemba. Kila usiku niliibeba ndani,
nikailaza karibu na jiko, juu ya gunia,
pale ambapo baba angelaza mwanakondoo aliyezaliwa na theluji.

"Na kulipokucha ukaifunga gari likiwa wapi?"

Wapi tena? Nje kwangu, Chingeltei, mtelemkoni,
ambako mpira ukimponyoka mtoto
huonekana tena majira ya kuchipua, kwa watu wengine.

Akacheka, mara ya kwanza.
Kumbe mna kitu kidogo humo kinachopima mwinamo,
ili gari likipanda mlima
lisihesabu petroli iliyolala upande mmoja.
Ukilikatia umeme husahau.
Likiamka, hapo lilipo ndipo panapokuwa sawa.
"Umelifundisha mwenyewe," akasema,
"kwamba dunia yote imeinama kama ua wako."

Tukatafuta mahali palipo sawa.
Sakafu ya gereji yake huteremkia mtaro.
Uwanja wa shule una tumbo.
Mwishowe tukashuka hadi mto Tuul, ulioganda.
Alitoboa barafu, akaingiza mkono: ilipita kiwiko.
"Maji," akasema, "hayajui kupendelea upande."

Akaweka bakuli la chai ya maziwa juu ya dashibodi,
akaizungukia kwa jicho ukingo hadi ukingo.
Sawa.
Kisha kitufe: bonyeza, shikilia, washa, achia,
akihesabu kwa midomo kama anayesali.
Vidole vya baridi vikampoteza. Akaanza upya.
Juu ya chai mafuta yalikuwa yameanza kuganda
tarakimu zilipobadilika.

Kijiti kimoja. Kinapepesa.

Niliujua ukweli ungekuwa mchache,
sikujua ungekuwa mchache hivyo.
Nikakikumbuka kile cha tano cha mjini,
namna kilivyonipa moyo kwenye taa nyekundu,
na nikaona aibu kidogo kukitamani.

Fundi akakataa pesa. Akachukua bakuli,
akajaribu kunywa bila kuliinamisha,
chai ikamwingia kwenye ndevu.

Nilikuwa na tugriki elfu ishirini.
Kituoni msichana aliuliza: nijaze?
Nikasema hapana, lita saba,
nikafungua daftari juu ya usukani,
na kwa mara ya kwanza tangu theluji ianguke
nikaandika nambari moja mara mbili.